Usanifu wa usalama kwa njia ya uhandisi wa mifumo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa maafisa TEHAMA, mameneja, wakaguzi wa ndani na wajumbe wa bodi ambao mfumo unawaangukia mikononi na wanatakiwa kusema kama ni salama. Mfano unaojirudia ni SACCOS ya walimu yenye wanachama 3,000 inayotaka wanachama waweke akiba na kuomba mikopo kwa simu. SACCOS yenyewe ni ya kubuni, ila matatizo yake mtayatambua.

Uhandisi wa mifumo ni nini, na usalama unaingiaje hapo?

Ni taaluma ya kujenga kitu chenye sehemu nyingi bila kungoja mwisho ndipo ujue kama sehemu hizo zinaelewana. Ilikomaa kwenye simu, ndege na vyombo vya anga, kazi ambazo huwezi kurusha leo ukarekebisha kesho. Mhandisi wa mifumo anataka kujua nani atautumia mfumo, kwa kazi gani, katika mazingira gani, mfumo wake unaishia wapi na wa mwenzake unaanzia wapi, na kwa ushahidi gani atasema alichojenga ndicho kilichotakiwa. Kiwango kinachotumika zaidi ni ISO/IEC/IEEE 15288, toleo la 2023, ambacho kinaufuata mfumo tangu ukiwa wazo hadi siku unapozimwa.

Usalama unaingia kwa sababu haukai ndani ya sehemu moja. Seva inaweza kuwa imara, programu imeandikwa vizuri, mtandao umefungwa, na bado pesa zikaondoka kupitia pale sehemu mbili zinapokutana na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye anayekagua.

Tuna fayawoli (ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao) na antivairasi. Hazitoshi?

Endeleeni nazo. Lakini fayawoli yenu inazuia hasara gani? Ukijibu "inazuia wadukuzi", bado hujajibu. Fayawoli haishtuki pale afisa mikopo halali, kwa nenosiri lake halali, anapoidhinisha mkopo hewa saa tano usiku. Kwake hiyo ni kazi ya kawaida ya ofisi.

Kuna tukio halisi linaloonyesha tofauti hiyo?

Yapo mengi. Linalofundisha kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la Benki Kuu ya Bangladesh, Februari 2016.

Wezi walikuwa wameshaingia kwenye mtandao wa benki na kujifunza jinsi wafanyakazi wanavyotumia SWIFT, mfumo ambao benki hutumiana maagizo ya malipo. Alhamisi usiku, Februari 4, walituma maagizo 35 kwenda Benki ya Akiba ya Shirikisho ya New York (sehemu ya benki kuu ya Marekani), ambako Bangladesh ilikuwa na akaunti. Jumla yake ilikaribia dola milioni 951. Matano yalipita. Dola milioni 81 zikaingia kwenye akaunti za benki moja Ufilipino, na milioni 20 zikaelekea Sri Lanka. Hizi za Sri Lanka ziliokolewa baada ya mtu katika benki iliyokuwa ikipitisha malipo hayo kuona neno la Kiingereza lenye maana ya "wakfu" limekosewa tahajia. Mengi ya maagizo yaliyobaki yalikwama New York, na sehemu yake ni bahati tupu: anwani ya tawi la kupokelea pesa ilikuwa na neno Jupiter, ambalo lilifanana na jina lililokuwa kwenye orodha ya vikwazo.

Sasa tazama printa. Ofisini Dhaka kulikuwa na printa iliyochapa yenyewe kila ujumbe wa SWIFT. Watu waliiona kama kifaa cha ofisi. Kumbe ndiyo iliyokuwa macho ya benki, njia pekee ya afisa wa zamu kujua kilichotoka usiku bila kufungua mfumo. Programu hasidi iliinyamazisha. Ijumaa wafanyakazi waliona haifanyi kazi, wakachukulia ni hitilafu kama hitilafu nyingine. Ilipofufuliwa Jumamosi ikaanza kutema maswali kutoka New York.

Halafu tazama kalenda. Wikendi ya Bangladesh ni Ijumaa na Jumamosi. Ya New York ni Jumamosi na Jumapili. Jumatatu ya Februari 8 ilikuwa sikukuu Ufilipino, Mwaka Mpya wa Kichina. Wezi walipanga siku hizo kama mtu anavyopanga safari, na kila benki ilipoamka, nyingine ilikuwa imelala. Pesa nyingi zikaishia kwenye kasino za Manila, ambazo wakati huo sheria ya Ufilipino ya kupambana na utakatishaji fedha haikuzigusa.

Wapelelezi wa Bangladesh walisema pia kwamba benki haikuwa na fayawoli na ilitumia swichi za mtandao za mtumba za dola kama 10. Vyombo vingi vya habari vilishika hapo. Ni aibu kweli, lakini fayawoli nzuri isingejibu swali la printa wala la kalenda. Hakuna aliyekuwa amechora mfumo mzima, ukiwa na printa, siku za mapumziko, benki ya upande wa pili na mtu wa kupokea simu Jumapili, kisha akauliza: agizo la uongo likitoka, nani atajua, baada ya muda gani, na ana uwezo gani wa kulizuia?

Kwa hiyo naanzia wapi?

Anza na hasara kabla ya vitisho na kabla ya vifaa. Kaa na bodi, mhasibu na kamati ya mikopo, muulizane ni mambo gani yakitokea SACCOS haitasimama tena. Kwa walimu wetu yanaweza kuwa manne: akiba ya mwanachama kutoka bila ridhaa yake, mkopo kuandikwa kwa jina la asiyeuomba, taarifa za madeni ya mwalimu kumfikia mtu asiyehusika, na huduma kukatika Januari shule zinapofunguliwa na kila mtu anatafuta ada.

Hilo la nne husahaulika, kwa sababu halina mwizi. Ila mwanachama aliyekosa pesa yake mwenyewe siku anayoihitaji haoni tofauti kubwa.

Bodi ndiyo iyapange kwa uzito. Afisa TEHAMA akiyapanga peke yake, siku ya siku atabaki nayo peke yake.

Hitaji la usalama linaandikwaje?

Si hivi: "Mfumo uwe salama na uzingatie viwango vya kimataifa." Sentensi hiyo inapendwa sana kwenye nyaraka za zabuni, na hakuna mtu duniani anayeweza kuijaribu akasema imetimia au haijatimia.

Chukua hasara ya pili, mkopo kwa jina la asiyeuomba. Njia mojawapo inayojulikana ni tapeli kwenda kuirudisha laini ya mwalimu kwenye kadi mpya. Simu ya mwalimu inapoteza mtandao, yeye anadhani ni mnara, kumbe namba yake iko mfukoni mwa mtu mwingine. Hitaji linaweza kusomeka hivi: "Laini iliyobadilishiwa kadi ndani ya saa 72 zilizopita isiweze kuomba mkopo wala kubadili namba ya siri, mpaka mwanachama atambuliwe ana kwa ana ofisini."

Hili linapimika. Na mara tu unapoliandika, linaanza kukuuliza maswali, ambayo ndiyo faida yake kubwa. SACCOS itajuaje kwamba kadi imebadilishwa? Haiwezi kujua, anayejua ni kampuni ya simu. Basi hapo umepata hitaji la mpakani: kampuni ya simu ijibu, kwa kila ombi, laini ilibadilishiwa kadi lini. Hilo linaingia kwenye mkataba. Wakikataa, au wakitaka bei isiyolipika, hitaji la kwanza halitekelezeki na unatafuta kidhibiti kingine kabla programu haijaandikwa hata mstari mmoja. SACCOS inacho tayari: wadhamini. Mkopo usitoke mpaka wadhamini wawili wathibitishe, kila mmoja kwa simu yake. Tapeli mwenye laini moja sasa anahitaji tatu.

Na kampuni ya simu isipojibu ndani ya sekunde 10? Watafiti Saltzer na Schroeder, katika makala yao ya mwaka 1975 ambayo bado ni msingi wa fani hii, walisema ukosefu wa ruhusa uhesabiwe kuwa katazo. Nakubaliana nao, ila kuna mwalimu yuko hospitali saa nane usiku. Bodi inaweza kuamua kwamba jibu lisipokuja, mkopo wa hadi shilingi 50,000 upite, mmoja kwa mwanachama, na kinachozidi kisubiri. Sasa kiasi cha juu kinachoweza kupotea kwa kila mwanachama kinajulikana kabla hakijapotea, na kimeamuliwa na mwenye mali, si na mwandika programu aliyekuwa na haraka.

Jaribio lake unaliandika siku hiyohiyo. Chukua laini ya majaribio, irudishe kwenye kadi mpya, omba mkopo ndani ya saa moja, ukataliwe. Zuia jibu la kampuni ya simu, omba 50,000, upate. Kwa laini ya mwanachama mwingine omba 51,000, ombi lisubiri.

Kufuatilia mahitaji maana yake nini?

Ni jedwali la safu nne: hasara, hitaji, sehemu ya mfumo inayolitimiza, jaribio linalothibitisha. Ekseli inatosha. Isome kwa pande zote mbili. Kutoka kushoto, hasara isiyo na jaribio ni mwanya. Kutoka kulia, kifaa kisichorudi kwenye hasara yoyote ni pesa iliyotupwa, na mara nyingi ndicho cha bei kubwa kuliko vyote.

Tuna ISO 27001, kiwango cha kimataifa cha kusimamia usalama wa taarifa. Bado tunahitaji haya?

Ndiyo. Toleo la 2022 lina vidhibiti 93 kwenye kiambatisho chake, na ni orodha nzuri ya kukumbusha. Orodha haijui kwamba kwenu mikopo inadhaminiwa na watu wawili wala kwamba Januari ndiyo mwezi wenu mgumu. Tumia uhandisi wa mifumo kuamua mnahitaji nini na wapi, kisha tumia 27001 kuangalia kama mmesahau kitu na kuonyesha wakaguzi.

STRIDE, mti wa mashambulizi, STPA: kati ya mbinu hizi za kutafuta mianya, nitumie ipi?

STRIDE ilianzia Microsoft mwaka 1999, kwa Loren Kohnfelder na Praerit Garg. Inafaa ukiwa na mchoro wa data inavyosafiri: kwenye kila mshale unauliza kama mtu anaweza kujifanya mwingine, kuchezea data, kukana alichofanya, kuvujisha, kuzuia huduma au kujipandisha madaraka. Ni rahisi kufundisha, na timu ya watu wachache huizoea upesi.

Mti wa mashambulizi, ambao mtaalamu wa usalama Bruce Schneier aliuvumisha mwaka huohuo, unaanza na hasara moja juu na kushuka kwenye njia zote za kuifikia. Utumie kwa hasara kubwa moja au mbili. Ukiuchora kwa kila kitu utazeeka nao.

STPA, kazi ya Nancy Leveson wa chuo cha MIT, ilibuniwa kwa ajili ya kuzuia ajali na baadaye ikapanuliwa hadi usalama dhidi ya wahalifu. Ndiyo ninayoipendekeza penye watu na taratibu nyingi. Chukua kitendo kimoja cha udhibiti, tuseme "kamati inaidhinisha mkopo", ukiulize mara nne. Kisipofanyika panapohitajika? Kikifanyika pasipostahili? Kikifanyika mapema, kwa kuchelewa au nje ya utaratibu? Kikikatizwa mapema au kuendelea kupita kiasi? Swali la tatu peke yake huibua mambo: mkopo unalipwa kwenye simu kwanza, kamati inasaini Ijumaa "kukamilisha faili". Hilo hakuna kichunguzi cha mtandao kitakachokuonyesha.

Lazima nisome NIST SP 800-160 yote?

Hapana. Ni waraka wa Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani (NIST), unapatikana bure. Juzuu ya kwanza, iliyorekebishwa Novemba 2022, inaoanisha uhandisi wa usalama na ISO 15288. Ya pili, iliyorekebishwa Desemba 2021, inahusu mfumo kuhimili pigo na kuendelea. Soma sura za mwanzo za ile ya kwanza na kanuni zake za usanifu. Nyingine irudie ukiwa na swali maalumu.

Mbona siku hizi kila mtu anasema "usiamini chochote"?

Ni wazo (kwa Kiingereza zero trust) lililovumishwa na mchambuzi John Kindervag mwaka 2010, na NIST ikaliandikia waraka wake, SP 800-207, mwaka 2020. Mtandao wa kizamani ulikuwa kama nyumba yenye geti kali na vyumba vyote bila milango. Wazo jipya linataka kila ombi lihakikiwe, hata likitoka ofisi ya jirani. Ni kanuni njema ya usanifu. Haiuzwi kwenye boksi, hata muuzaji aseme nini.

Mfumo wetu ulishajengwa. Tumechelewa?

Mmechelewa kuokoa gharama, hamjachelewa kuuona. Chukua muamala mmoja halisi na uufuate kwa miguu, kutoka kwenye menyu ya simu ya mwanachama hadi kwenye leja. Usimwulize mtu unavyotakiwa kwenda. Kaa pembeni yake uone unavyokwenda.

Utakuta vitu ambavyo havimo kwenye mchoro wowote. Nenosiri moja linalotumiwa na makarani watatu. Ekseli ya "marekebisho" kwenye kompyuta ya mhasibu. Na kikundi cha WhatsApp ambamo meneja akiwa safarini huandika "pitisha", na mkopo unapita. Kikundi hicho ni sehemu ya usanifu wenu wa usalama, mtake msitake: anayeishika simu ya meneja anaidhinisha mikopo. Kichoreni. Kisha amueni kama mnakiondoa au mnakipa masharti, kwa mfano meneja apigiwe simu na kusikika sauti kwa mkopo unaozidi kiwango fulani. Kukikataza bila kuwapa watu njia nyingine ya kufanya kazi ni kukihamishia kwenye kikundi kipya usichokijua.

Mradi unaoenda kwa awamu fupi fupi unaweza kufuata haya?

Unaweza. Hasara na mipaka ya mfumo vinaamuliwa mwanzoni, mahitaji yanaongezeka kila awamu, na jedwali la safu nne linasogea pamoja na msimbo. Kinachokatazwa ni kusema "usalama awamu ya mwisho".

Kwenye zabuni niandike nini?

Weka mahitaji yenu yanayopimika kwenye hadidu za rejea, na uandike kwamba malipo ya mwisho yanafuata majaribio kufaulu mbele yenu. Kisha usisahau mlango wa mzabuni mwenyewe. Baada ya mfumo kukabidhiwa, programu ya kuingilia kutoka mbali huachwa imewashwa "kwa ajili ya sapoti", na inabaki hivyo mwaka baada ya mwaka. Taka akaunti hiyo iwashwe kwa ombi, ijizime yenyewe baada ya saa 4, na kila alichofanya mzabuni kirekodiwe mahali asipoweza kufuta.

Sheria zinadai nini?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake. Kenya ina sheria ya mwaka 2019, ambayo kifungu cha 41 kinadai ulinzi wa data uingizwe tangu usanifu, na kifungu cha 43 kinadai uvunjifu wa usalama wa data wenye hatari halisi ya madhara uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72. Mhandisi ayasome kama mahitaji mengine yoyote: saa 72 zina maana kwamba mfumo wako uweze kukuambia nini kimevuja na cha nani. Kama logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) zinajifuta kila baada ya siku saba, huenda usiweze kuitimiza sheria siku ukivamiwa.

Na mifumo ya wengine tunayoitegemea?

Mwishoni mwa Julai 2023 jukwaa la eCitizen la Kenya lilizidiwa na mafuriko ya maombi ya uongo, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai ndilo lililofanya. Maombi ya pasipoti, viza na leseni yalikwama kwa sababu huduma nyingi za serikali zilikuwa zimekusanywa nyuma ya mlango mmoja. Serikali ililazimika kutoa viza kwa wageni walipowasili. Hiyo viza ya uwanjani ndiyo sehemu ya kujifunza: ilikuwapo njia ya pili, ya mkono, ingawa ya polepole.

Kwa kila mfumo wa nje mnaoutegemea, andikeni mtafanya nini ukikosekana kwa saa moja, siku moja, wiki moja. Kwa SACCOS yetu siku moja bila kampuni ya simu inamaanisha kaunta, daftari lenye namba mfululizo, kikomo cha kutoa, na mtu wa kuingiza yote mfumo ukirudi bila kuandika mara mbili. Fanyeni zoezi hilo siku ya kawaida ya Jumanne. Januari si wakati wa kugundua kwamba daftari halipo.

Tuko wawili tu ofisini. Tunaweza?

Ndiyo: kikao kimoja na bodi kuhusu hasara, mchoro mmoja wa karatasi, muamala mmoja mlioufuata kwa miguu, na mahitaji kumi yenye majaribio. Kumi yaliyojaribiwa yanashinda mia mbili yaliyonakiliwa.

Nitajuaje kwamba usanifu umetosha?

Kwa kila hasara, uweze kumwambia mkaguzi kitu cha namna hii: "Mkopo hauwezi kutoka kwa laini iliyoibwa, kwa sababu hizi, na ushahidi ni jaribio hili la tarehe hii." Asipokubali, ataonyesha kidole kwenye sababu au kwenye ushahidi, na hapo mna jambo la kujadili. Pia kuna hasara mtakazoamua kuzibeba, kama zile shilingi 50,000. Ziandikwe, zisainiwe na mwenyekiti wa bodi, na zirudiwe kila kitu kinapobadilika: mtandao mpya wa simu ukiunganishwa, kiwango cha mkopo kikipanda, au meneja akibadilika na kuja na kikundi chake cha WhatsApp.